Je, Jana Usiku Theluji Iliganda?



Leo nazungumza kwanza na wenzetu walioweka makazi chini ya milima ya theluji: Salt Lake City, Denver, Boise, Missoula, Calgary, Tromsø, na vijiji vya Uswisi. Lakini ninyi mliobaki nyumbani msifunue ukurasa mwingine. Siku hizi ni ukoo gani, kuanzia Bukavu mpaka Moshi, usiokuwa na mtoto wake huko kwenye baridi? Hili ni la nyumba nzima.

Aprili moja, mtoto wa kaka yangu anayeishi Utah alinitumia video kwa WhatsApp. Amevaa fulana, jua linawaka, nyuma yake mlima mweupe unametameta. "Baba mdogo," anasema huku akicheka, "baridi imekwisha, sasa ndiyo tunapanda!" Nikafurahi naye. Kisha nikaitazama tena. Nyuma ya bega lake, juu kwenye mteremko, vilikuwa vinabingirika vibonge vya theluji, kimoja, kisha viwili, kama machungwa yaliyoponyoka kwenye gunia.

Nilimpigia simu siku ileile. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu: "Mwanangu, jana usiku theluji iliganda?"

Akanyamaza kidogo. "Baba mdogo, mimi nilikuwa nimelala. Ningejuaje?"

Swali hilo nimelibeba kutoka kwa marehemu baba. Yeye alikuwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wabeba mizigo wa Kilimanjaro. Wengi hudhani wageni huamshwa usiku wa manane pale kambi ya Kibo ili wawahi kuona jua likichomoza. Ni kweli, lakini ni nusu ya sababu. Kutoka Kibo kwenda Gillman's Point njia ni kokoto tupu. Usiku kokoto zile zimeshikwa na barafu, mguu unapata pa kukanyaga. Jua likipanda zinaachia, nawe unapiga hatua mbili unarudi moja. Baba hakusoma sayansi ya milima, ila alijua kwamba mlima wa saa tisa usiku na mlima wa saa tano asubuhi ni milima miwili.

Kilimanjaro hatuna theluji nyingi ya kuporomoka. Wenzetu wanayo. Huko Alta, juu ya Salt Lake City, msimu wa 2022 hadi 2023 ilianguka theluji ya zaidi ya inchi 900, karibu mita 23 ukijumlisha siku zote za msimu. Yote hiyo haina budi kushuka. Nyingi hushuka taratibu, ikiwa maji ya mto. Nyingine hushuka kwa mara moja.

Mimi si mtaalamu wa theluji, na wataalamu wapo, nitawataja. Ila jambo lenyewe halimshindi mtu aliyewahi kucheza ufukweni. Umeshaona mtoto akijenga nyumba ya mchanga? Mchanga mkavu haushikani. Akitia maji kidogo unashikana vizuri, anajenga hata mnara. Akizidisha maji, mnara unayeyuka mbele ya macho yake. Theluji nayo ndivyo ilivyo. Yenye unyevunyevu hushikana. Ikilowa maji mengi, punje zake huachiana, na maji yakipenya mpaka kwenye tabaka la chini lililo laini, au yakituama juu ya tabaka gumu, mteremko mzima unabaki umekaa juu ya kitu kinachoteleza.

Ni nini basi kinachoishikilia? Ni usiku. Maji yakiganda tena yanakuwa kama gundi. Asubuhi unakuta juu kumekaza kama ukoko wa wali, unapita bila kuzama. Jua likipiga, ukoko unalainika polepole. Hapo katikati, ukoko unapolainika sentimita chache za juu tu, ndipo wenyewe wanapofurahia kuteleza kwa ski. Baada ya hapo ni wakati wa kuwa nyumbani unakunywa chai.

Sasa nawaomba watu wa Makete, Njombe na Nyandarua wanisaidie kwa jambo moja. Ninyi mnaijua sakitu. Ni usiku upi unaounguza viazi na mahindi shambani? Ni ule wenye mawingu, au ule wa nyota tupu? Bila shaka ni wa nyota tupu. Mawingu ni blanketi: yakitanda, joto la ardhi halitoki. Anga likiwa wazi joto linapaa, na umande unaganda hata kama hewa yenyewe si ya baridi kali. Huko kwenye theluji ni hivyohivyo. Usiku mweupe wa nyota huifunga theluji. Usiku wa mawingu huiacha wazi, hata kama wewe chini mtaani ulijifunika mablanketi mawili.

Kwa hiyo, mwananchi mwenzangu unayetaka kupanda mlima kesho, leo usiku chungulia dirishani. Unaona nyota? Kukicha, tazama simu yako: vipo vituo vya hali ya hewa milimani vinavyoonyesha nyuzijoto za kila saa. Je, kwenye mwinuko ule unaokwenda, ilishuka chini ya sifuri, na kwa saa ngapi? Kama usiku mbili tatu zimepita mfululizo bila kuganda, sina haja ya kukusihi sana. Hiyo ni siku ya kwenda mjini au kanisani, au kumtembelea mgonjwa.

Ukifika, kanyaga. Ukoko unakubeba? Je, ni mnene wa kiganja, au ni wa unene wa kidole na chini yake uji? Ukoko mwembamba hudanganya. Unakubeba saa moja asubuhi, saa tatu umeshazama mpaka goti.

Kuna kipimo kingine ambacho mama zetu wangekipenda. Vua glovu, chota theluji, ikamue kwa mkono kama unavyokamua nazi. Ikikataa kushikana, bado ni kavu. Ikishikana ikawa bonge bila maji kuonekana, ina unyevu. Ukiona maji yanang'aa kati ya punje, imelowa. Na yakichuruzika kati ya vidole kama tui, hapo, mwanangu, umeshachelewa. Wataalamu duniani kote hupima kwa mkono hivyohivyo na kuandika kwenye madaftari yao. Haihitaji mashine wala cheti.

Je, yale machungwa yanayobingirika? Ni mteremko unakusemesha. Vibonge vikianza kujiviringisha vyenyewe, jua limeshafanya kazi yake juu. Vivyo hivyo ukiona mikwaruzo inayoanzia kwenye jiwe au mti ikipanuka kwenda chini kama shuka la khanga, au theluji inayoning'inia ukingoni mwa kilele kama upenu inaanza kudondosha maji. Chini ya upenu wa namna hiyo hatupumziki, hatupigi picha, na juu yake hatutembei. Mvua nayo ikinyesha juu ya theluji, hata manyunyu, mipango yote ya siku ile hubadilika. Hapo hakuna mjadala.

Kuhusu jua lenyewe, sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tuna ugeni kidogo. Tumezoea jua la utosini, ambalo miezi fulani huegemea kaskazini na miezi fulani kusini, kila ukuta wa nyumba ukipata zamu yake. Huko kwenye theluji jua halifiki utosini hata siku moja. Adhuhuri liko upande wa kusini. Kwa hiyo mteremko unaotazama mashariki hupata moto kwanza, asubuhi mapema. Unaotazama kusini hufuata, kisha wa magharibi alasiri. Unaotazama kaskazini hukaa na baridi yake wiki nyingi, na ndio unaoweza kumshtua mtu mwezi wa Mei, kwa sababu ulikuwa mkavu majira yote ya baridi na haujawahi kuonja maji. Maji ya kwanza ndiyo mabaya zaidi. Theluji iliyolowa na kuganda mara nyingi huwa imeshajichimbia mifereji yake ndani, maji yanapita. Ile ambayo haijawahi ni kama mtaa mpya usio na mitaro siku ya mvua ya kwanza.

Mteremko gani wa kuogopa? Maporomoko mengi huanzia kwenye nyuzi 30 hadi 45. Kama hujui nyuzi 30 ni kiasi gani, fikiria ngazi za nyumba ya ghorofa: ziko karibu hapo au zaidi kidogo. Ila theluji iliyolowa huweza kuanza hata penye mwinamo mdogo kuliko huo, na ikishaanza inakimbia mpaka bondeni kwenye tambarare, ikifuata makorongo kama maji. Ndiyo maana hata wewe usiyependa kupanda, unayetembea tu na watoto kando ya kijito, tazama juu: korongo hili linatokea wapi? Miti ya hapa imekatika vichwa? Imeinama yote upande mmoja?

Nimesikia watu wakisema theluji ya maji ni ya polepole, mtu anaweza kuikimbia. Ni kweli ile kavu ya majira ya baridi huweza kupita kilomita 100 kwa saa, na hii ya machipuko mara nyingi huenda kwa mwendo wa bodaboda wa mtaani. Lakini ni nani kati yetu anayeshindana na bodaboda akiwa amezama magotini? Na uzito je? Mita moja ya ujazo ya theluji iliyolowa yaweza kufika kilo 400 au 500, yaani magunia manne au matano ya mahindi. Mteremko mmoja una maelfu ya mita hizo. Ikishasimama inakaza kama zege. Waliowahi kuchimba wanasema beleshi la plastiki hukatika.

Acheni niwasimulie ya mwaka 1910, kwa sababu wahusika wengi walikuwa kazini, siyo matembezini.

Mwishoni mwa Februari mwaka huo, kwenye milima ya Cascade, jimbo la Washington, treni mbili zilikwama kwenye kituo kidogo kilichoitwa Wellington. Moja ilikuwa ya abiria, nyingine ya barua. Theluji ilikuwa imeanguka kwa siku kadhaa, reli imefunikwa, wafanyakazi wanachimba usiku na mchana. Kisha hewa ikabadilika. Theluji ikageuka mvua, kukaja na radi. Saa saba na ushei usiku, tarehe 1 Machi, mteremko uliokuwa juu ya kituo ukaachia, ukazikokota treni zote mbili mpaka chini mtoni. Watu 96 walikufa. Mpaka leo hakuna poromoko la theluji lililoua wengi zaidi ya hapo katika historia ya Marekani.

Siku tatu baadaye, tarehe 4 Machi, kwenye kipito cha Rogers huko Kanada, poromoko liliziba reli. Kikosi cha wafanyakazi kikapelekwa usiku kusafisha. Walipokuwa wameinama wanachimba, poromoko la pili likashuka kutoka mlima wa upande wa pili, likawakuta. Walikufa watu 58. Kati yao 32 walikuwa Wajapani, wageni waliovuka bahari kutafuta riziki.

Nikisoma habari za wageni hao nawafikiria ninyi. Wangapi mnapika kwenye hoteli za milimani? Wangapi mnafua mashuka, mnasukuma theluji barabarani, mnaendesha malori ya masafa marefu kwenye vipito hivyohivyo? Mnapanda milima ile kila siku bila ski wala viatu vya kukodi. Taarifa ya hatari ya maporomoko inawahusu ninyi kama inavyomhusu mwenye ski za dola elfu moja.

Na hiyo taarifa ipo, tena ni bure. Utah wana Utah Avalanche Center, Colorado wana kituo chao, Kanada kuna Avalanche Canada, Norwe kuna Varsom, na Uswisi kuna taasisi ya SLF pale Davos. Kila siku ya msimu wanaandika kiwango cha hatari kutoka 1 mpaka 5. Majira ya machipuko soma kwa makini zaidi, kwa maana mara nyingi asubuhi wanaandika kiwango kimoja na alasiri kingine. Mtu akisoma cha asubuhi akalala mpaka saa nne, kisha akaenda, amekwenda na taarifa ya siku nyingine. Jambo lingine: vituo vingi hupunguza au kusitisha taarifa za kila siku Aprili inapoelekea mwisho. Kunyamaza kwao hakumaanishi mlima umenyamaza.

Lugha isiwe kikwazo. Kila mji niliotaja una kikundi cha WhatsApp cha Waswahili, cha misiba na harusi na kuuliziana nyumba za kupanga. Je, haiwezekani kijana mmoja, labda yule anayesoma chuo, akaamka mapema akaandika sentensi mbili kwa Kiswahili? "Leo kiwango ni 2 asubuhi, 3 baada ya saa tano. Usiku haikuganda chini ya mita 2,500." Basi, yatosha. Dereva wa lori ataisoma akiwa kwenye mizani, mama wa hotelini ataisoma akisubiri basi. Ni kazi ya dakika tano, na mimi nadhani ni utumishi kama ule wa kupiga kengele kijijini.

Ninyi madereva, ndugu zangu, mna lenu. Kwenye barabara za milimani kuna vibao vinavyokataza kusimama kwa sababu ya maporomoko. Najua mna mizigo na saa za kuhesabiwa. Najua pia jinsi minyororo ya magurudumu inavyochosha mikono. Lakini mahali pale si pa kurekebisha minyororo wala pa kuzungumza na simu. Sogea mbele mpaka kibao kinachosema eneo limekwisha. Barabara ikifungwa, tulia. Pale Rogers, tangu barabara kuu ya Kanada ilipofunguliwa mwaka 1962, wanajeshi hupiga mizinga kwenye miteremko ili theluji ishuke wakati hakuna mtu chini. Ukikaa kwenye foleni saa mbili ukilalamika, kumbuka pengine kuna mtu anapiga mzinga kwa ajili yako.

Nyumbani je? Baba na mama, najua watoto waliokulia huko wanajua theluji kuliko ninyi, na kuna wakati mnaona haya kuwauliza. Waulizeni. Unakwenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi? Saa ya kurudi iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe kwenye friji. Kama mpango ni kuwa garini saa sita mchana, na saa nane hujasikia kitu, piga simu; usisubiri mpaka jioni kwa kuogopa kumuaibisha mtoto. Huko Marekani na Kanada namba ni 911, Ulaya ni 112.

Mpelekeni pia kwenye mafunzo. Kuna programu ya bure iliyoanzia Utah mwaka 2004, baada ya vijana watatu kufukiwa na theluji Desemba ya 2003. Inaitwa Know Before You Go, na somo lake ni la saa moja hivi. Kama kikundi chenu cha vijana kanisani au msikitini kinatafuta mgeni wa kuzungumza, mwalikeni mtu wa programu hiyo. Atakuja kwa furaha.

Vifaa sitavisema sana, duka litakuuzia zaidi ya unavyohitaji. Vya lazima ni vitatu kwa kila mtu: bikoni, yaani kile kifaa kidogo cha kutoa na kupokea mawimbi kinachofungwa kifuani; ufito mrefu wa kuchomeka kwenye theluji; na beleshi la chuma. Vitatu pamoja, kwa kila mmoja wenu. Bikoni bila beleshi inakuonyesha tu ndugu yako alipolala. Mkapige zoezi nyuma ya nyumba, mkafukie bikoni moja ndani ya mkoba, watoto waitafute. Ni mchezo mzuri wa Jumapili.

Sababu ya kudai vyote vitatu ni hesabu ya kusikitisha. Aliyefukiwa akichimbuliwa ndani ya dakika 10 mpaka 15, katika watu kumi karibu tisa hupona. Ikifika nusu saa na ushei, ni watatu tu. Helikopta haiwezi kufika ndani ya muda huo. Wokovu wako ni wale uliokuja nao. Basi mtu akichukuliwa, wengine mkaze macho pale alipoonekana mara ya mwisho, mhakikishe hakuna poromoko la pili linalokuja, mshuke mtafute. Mkifikia kichwa, safisheni mdomo na pua kwanza, mengine yafuate. Na wewe uliyechukuliwa, pambana kutoka pembeni. Mwendo ukianza kupungua, peleka mkono mbele ya uso upate nafasi ya kupumulia.

Lakini mimi napenda zaidi tuzungumze juu ya kurudi kabla. Hapa kuna jambo la malezi yetu. Tumefundishwa kumheshimu anayetangulia, na mgeni hasemi sana ugenini. Kijana wetu akienda na wenzake wazungu waliozaliwa kwenye theluji, ataona vibonge vinabingirika, atanyamaza, maana yeye ni nani wa kuwaambia? Mwanangu, sema. Huhitaji kuthibitisha. Sema tu, "Mimi nimezama mpaka goti, naomba turudi." Kundi lenye adabu humsikiliza anayetaka kurudi bila kumuuliza mara ya pili. Pengine, ukiwachunguza, kuna wawili waliokuwa wakilisubiri neno hilo kutoka kwa mtu mwingine.

Ninyi mliobaki huku msidhani ni habari za mbali. Tarehe 1 Machi 2010, miaka mia moja kamili tangu usiku ule wa Wellington, mteremko uliolowa mvua ulishuka Bududa, Uganda, ukafukia kijiji cha Nametsi na watu zaidi ya mia. Desemba 3, 2023, mlima Hanang ulituletea tope na mawe mpaka mjini Katesh. Udongo na theluji si kitu kimoja, lakini maji yanafanya kazi ileile ndani yake. Maswali nayo hayapishani sana: imenyesha kwa siku ngapi, kuna nyufa juu, kijito kimebadilika rangi, korongo hili linatokea wapi? Ukiweza kumfundisha mjukuu aliye Denver kutazama juu, mfundishe na wa Bududa, mfundishe na wa Katesh.

Na mkizungumza kwa simu na watoto wenu walio ng'ambo, baada ya kuulizana afya na kazi na nani amezaa, ongezeni lile swali langu. Watacheka mwanzoni. Wangu alicheka mwezi mzima.

Majuzi saa tisa alasiri nilikuwa nimekaa barazani, simu ikalia. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Hakutuma video safari hii, alituma picha ya karai la mafuta jikoni na maneno machache: "Baba mdogo, mawingu usiku kucha. Haikuganda. Tumebaki, tunakaanga maandazi."